Lego Space

Lego Space ni mfululizo wa vichezeo vya kujenga kuhusu anga-nje, unaotengenezwa na kampuni ya Lego ya Billund, Denmark. Ulianza mwaka 1978 ukiwa na vyombo vya angani na wanasesere wadogo wa wanaanga.

Wakusanyaji hupenda kukisia seti zijazo. Katika mpango wa Lego Ideas, pendekezo la shabiki likipata waungaji mkono 10,000 hutathminiwa na kampuni, ingawa linaweza kukataliwa. Hivyo ndivyo ilivyopatikana Saturn V (2017), mfano wa roketi iliyopeleka Apollo 11 mwezini mwaka 1969. Ina vipande 1,969.

Seti ikiacha kutengenezwa, mara nyingi bei yake hupanda. Lakini kuihodhi ni bahati nasibu: Saturn V ilirudishwa madukani mwaka 2020.