Krismasi ya Waliobaki

Ukitaka kujua kwa nini Krismasi ya Eastlands ya Nairobi huadhimishwa nje, mlangoni na uani, pima kwanza chumba. Vyumba vya mitaa kama Shauri Moyo na Ziwani havikujengwa kwa ajili ya baba, mama na watoto. Vilijengwa kwa mwanamume mmoja, au wawili watatu wakigawana, kila mtu na kitanda chake na sanduku lake la bati chini ya kitanda. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika jijini kwa sababu ya mikono yake tu. Mke na watoto wakae mashambani, naye arudi huko mikono ikichoka. Bila kazi na bila kipande, kitambulisho cha kikoloni, hakuwa na ruhusa ya kuonekana mjini.

Ndiyo maana Krismasi ya kwanza ya Mwafrika wa Nairobi ilikuwa safari. Wiki ya mwisho ya Desemba mitaa ilipukutika. Wafanyakazi wa reli wa Makongeni walipanda treni kuelekea Kisumu na Butere. Wengine walijipanga Landhies Road, kwenye kituo cha mabasi ya mashambani ambacho watu wa Eastlands hukiita Machakos, au kwa kejeli, Machakos Airport, ingawa kinachoruka pale ni nauli tu. Juu ya basi hupangwa magodoro na mabati, ndani watu hupakata mikate, sukari na majani ya chai. Lugha ya mtaa imeihifadhi safari hiyo kwa maneno yake, ushago na ocha, na hadi leo swali la Desemba ni moja: unaenda ocha lini?

Hadithi nyingi za Krismasi hufuata basi hilo. Mimi nataka kubaki na wale walioachiwa funguo za majirani.

Walikuwepo tangu mwanzo. Askari wa usiku alibaki, kwa kuwa duka la tajiri haliendi likizo. Mpishi wa nyumba za Wazungu alibaki akichoma bata mzinga wa watu wengine. Wauguzi wa hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka 1926, walibaki, na magazeti yetu yameifanya hospitali hiyo kuwa habari ya kila Desemba 25: wamezaliwa watoto wangapi usiku wa manane, wa kike wangapi, wa kiume wangapi.

Zaidi ya wote kulikuwa na wenyeji wa Majengo, huko Pumwani. Pumwani ilipotengwa kuwa makazi ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu waliruhusiwa kujijengea nyumba huko, na wamiliki wengi wakawa wanawake, wengi wao Waislamu. Hawa hawakuwa na ocha ya kwenda. Nairobi ndiyo ilikuwa kwao. Kwa hiyo inachekesha kidogo, na ni kweli, kwamba baadhi ya watu wa kwanza kuwafanya watoto wa Eastlands waijue Desemba kama msimu wa kula kwa jirani ni akina mama waliofunga Ramadhani. Sinia ya pilau hutoka kwa Mwislamu wakati wa Idi, chapati hurudi kwenye sinia hiyohiyo wakati wa Krismasi, kwa sababu kwa adabu za uani chombo hakirudi kitupu. Mwaka 1998 na 1999 Ramadhani yenyewe iliangukia Desemba, na mwaka 2000 Idi ikafika siku chache tu baada ya Krismasi. Mtoto aliyekuwa Majengo miaka hiyo alikula sikukuu mbili kwa nguo moja mpya.

Kati ya chumba cha mtu mmoja na meza ya familia kulipita vita. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940 ikiwa na bustani, ukumbi na nyumba zilizowazia mke na watoto, ilikuwa miongoni mwa mitaa michache ya aina hiyo. Halafu serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari mwaka 1952. Alfajiri ya Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakawasomba maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru hadi kwenye kambi. Katika nyumba nyingi Krismasi ya mwaka huo ilikuwa ya kuhesabu nani hayupo.

Mwaka huohuo wa 1954, kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilisema jambo lililokuwa wazi kwa kila mpangaji wa Shauri Moyo: mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kwa tumbo moja, na sasa ukadiriwe kwa familia. Kuanzia hapo na kuendelea hadi baada ya Uhuru zikaja Ofafa, Maringo, Jericho, Jerusalem, Uhuru. Miaka ya 1970 zikafuata Buruburu, Umoja na Dandora. Wake wakaja na watoto, na watoto wakazaa Sheng. (Majina ya Biblia yalileta utata wake. Mtoto wa Makadara akisikia kanisani kwamba mtu fulani alivamiwa na wezi njiani kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko hashangai hata kidogo. Ni mitaa miwili inayopakana, na wezi anawajua.)

Familia ikishafika, inafanya nini siku ya Krismasi katika nyumba ambayo meza ikiingia kitanda kinatoka?

Inapika chapati. Wahindi waliojenga reli kati ya 1896 na 1901 ndio walioileta huku bara, na kiwanda cha Unga kilianzishwa mwaka 1908 na Delamere, mlowezi aliyelima ngano. Lakini sidhani kama kuna Mhindi au mlowezi aliyewahi kuitia chapati uzito tulioitia sisi. Kwa miongo mingi ngano na mafuta vilikuwa ghali mno kwa mshahara wa Eastlands. Sima ilikuwa ya kila siku, wali wa siku za wageni, chapati ya Krismasi. Ndiyo maana watu wazima wa leo, wenye uwezo wa kununua chapati kibandani kila asubuhi, bado wakiipata harufu ya mafuta ya Kimbo yakiyeyuka kwenye kikaango cha chuma hujiona na umri wa miaka saba.

Kazi yenyewe ilihitaji watu, na hapo ndipo familia ilipokutana. Jioni ya tarehe 24 majiko ya makaa yalitolewa uani, moja baada ya jingine, kwa kuwa chumbani hapana nafasi na moshi ungeua mtu. Mama alikanda unga kwenye karai. Dada mkubwa alisukuma kwa chupa ya soda, pale ambapo kifimbo kilikuwa kimeazimwa mlango wa nne. Baba, ambaye mwaka mzima hakugusa jiko, aliachiwa makaa na kuku. Mdogo kuliko wote alipewa cheo kikubwa kuliko vyote, kulinda sufuria iliyofunikwa, na kila mtu alijua kwamba mlinzi atakula ile iliyoungua na moja isiyoungua. Kisha hesabu: mbili kwa kila mtu, nne kwa baba, kumi zipelekwe kwa majirani. Hakuna aliyewahi kuziona hizo nne zikifika kwa baba zikiwa kamili.

Nyuma ya karai hilo kuna chama. Wanawake wa ploti huchanga kidogo kidogo tangu Januari, na Desemba hawagawani pesa bali vitu: marobota ya unga wa ngano, mafuta, mchele, sukari. Ukiuliza ni nani aliyejenga Krismasi ya Eastlands, wengine watakutajia kanisa, wengine halmashauri ya jiji. Mimi ningemtaja mweka hazina wa chama, yule mwenye daftari lenye kona zilizokunjika.

Kanisa nalo lina sehemu yake, na sehemu hiyo husikika kabla haijaonekana. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, lilileta matarumbeta na ngoma barabarani. Waisraeli wa Nineveh na makanisa mengine ya Roho walipita na bendera na kanzu nyeupe, Legio Maria na rozari zao, Waakorino na vilemba na ngoma zao. Mkesha wa Krismasi kutoka St. John's Pumwani hadi St. Stephen's ya Jogoo Road, watoto waliojifunza kuigiza uchungaji wa kondoo kwa shuka la kitanda na fimbo ya ufagio walisubiri zamu yao wakisinzia. Kwaya za mitaa zilienda mlango kwa mlango. Waliopata shilingi waliimba ubeti wa pili.

Asubuhi ilikuwa ya nguo. Katika masoko ya Gikomba au Eastleigh, mama alikuwa amekwisha kununua kubwa kidogo ili zifike Krismasi nyingine, na kwa hiyo katika picha nyingi za zamani tunaonekana kama watu waliopungua ghafla. Picha zilikuwa lazima. Tangu Uhuru Park ilipofunguliwa mwaka 1969, familia za Eastlands zilikuwa zikiteremka mjini kwa basi la KBS, kisha kwa matatu, kupanda mashua kwenye kidimbwi chake na kupigwa picha, na baada ya jumba la KICC kukamilika mwaka 1973, kusimama mbele yake pia. Wengine walipanda nambari 34 hadi uwanja wa ndege wa Embakasi, bila kumsindikiza mtu wala kumpokea. Walisimama mahali pa kupungia abiria mkono, wakaziangalia ndege zikipaa, wakala chapati zilizofungwa kwa gazeti, wakarudi. Nauli ya basi pekee, na ulikuwa umeshafika London na kurudi.

Desemba 26 ilikuwa ya vijana. Kumbi za jamii za Kaloleni, Bahati na Pumwani, ambazo zamani wanasiasa na wanamuziki walizigombania, zilifunguliwa mchana kwa bugi, watoto wakicheza dansi na soda mkononi. Mwaka 2019 serikali iliibatiza siku hiyo Siku ya Utamaduni, kisha ikabadili mawazo. Uani hakuna aliyetambua tofauti. Ziwani, kwenye uwanja wa Umeme, kulikuwa na Koth Biro, mashindano ya soka yaliyoanza miaka ya 1970 na kuchezwa mwisho wa mwaka hadi leo. Jina ni la Kidholuo, maana yake mvua inakuja, kwa sababu huanza msimu wa vuli na mipira ya kona hupigwa topeni. Babu aliyekuwa akimkataza mjukuu kuchezea maji ya mvua alikuwa pembeni pale, suruali imechafuka hadi magotini, akimfokea refa.

Usiku ukiingia, taa za barabarani zikiwaka au zisiwake, kulikuwa na michezo ya brikicho, kati na bladaa. Na kulikuwa na mchezo mmoja ambao kila mama aliulaani: uzi wa chuma wa kusugulia sufuria, ukiwashwa moto na kuzungushwa kwa waya hadi cheche zifanye duara la dhahabu gizani. Fataki za dukani zilikuwa za watu wa Westlands. Sisi tulichoma vifaa vya kuoshea vyombo, na tarehe 27 sufuria za chapati zilisuguliwa kwa mchanga.

Kwa miaka kumi na mitano Krismasi hii ilikuwa na mgeni asiyealikwa. Uchaguzi mkuu ulifanyika Desemba 29, 1992. Desemba 29, 1997. Desemba 27, 2002. Na Desemba 27, 2007. Kila safari familia iliulizana swali jipya: kura yako iko wapi? Waliojiandikisha ocha walipanda basi, waliojiandikisha Makadara au Kamukunji walibaki, na ndoa moja ingeweza kugawanyika vituo viwili. Wagombea waligawa unga, fulana na kofia, na katika baadhi ya nyumba chapati zilisukumwa kwa unga wa chama kimoja na kuliwa na fulana ya kingine. Krismasi ya 2002 ilikuwa ya furaha ambayo sijaiona tena. Tarehe 30 watu wa Eastlands walijaa Uhuru Park kumtazama Kibaki akiapishwa kuwa rais. Ile ya 2007 tuliila tukisikiliza redio, na kura zilipozaa ghasia, wengi waliokuwa ocha walikaa huko wiki kadhaa wasijue kama mlango wao ungalipo. Katiba ya 2010 iliuhamishia uchaguzi Agosti.

Nyua zinapungua sasa. Mitaa ya zamani imewekwa kwenye mipango ya kubomolewa kupisha maghorofa, na Umoja, Kayole na Pipeline zimekwisha kuwa ghorofa tupu, dirisha likitazamana na dirisha. Jiko la makaa limepandishwa juu ya paa, kwenye kamba za kuanikia nguo na matangi ya maji, na huko juu jioni ya tarehe 24 utakuta mstari uleule wa karai, kifimbo cha kuazima na mtoto aliyewekwa kulinda sufuria. Kamba za nguo husogezwa upande mmoja ili wakubwa wapate pa kukaa. Wapangaji wasiojuana majina wanajuana kwa namba za nyumba, na hiyo inatosha kwa kuombana chumvi.

Mabasi huanza kurudi baada ya mwaka mpya, kabla shule hazijafunguliwa. Machakos inapokea mahindi, maparachichi na majogoo waliofungwa miguu. Jirani wa mlango wa pili anapanda ngazi akiwa na vumbi la safari, anabisha kwa aliyebaki, anauliza kama maji yalikuja. Anapewa ufunguo wake. Mkononi mwa mwenyeji anaacha jogoo mmoja, na sufuria ile aliyoletewa ikiwa na chapati kabla hajasafiri, imejaa maharagwe mapya.