Duka Lisilo na Ghala: Historia ya Kuuza Mali Isiyo Mkononi

Katika biashara ya rejareja ya mtandaoni upo mtindo unaojulikana kwa jina la dropshipping, ambao muuzaji hutangaza bidhaa asiyokuwa nayo, hupokea kwanza fedha za mteja, kisha hutumia sehemu ya fedha hizo kumlipa mwenye ghala au kiwanda, ambaye hufunga mzigo na kuutuma moja kwa moja kwa mteja. Mtindo huu si udalali, kwa kuwa dalali huwakutanisha mwenye mali na mnunuzi akalipwa ujira wake, ilhali muuzaji wa namna hii huuza kwa jina lake mwenyewe na kwa bei aliyoipanga, naye ndiye anayewajibika mbele ya mteja kwa mzigo ambao hajaushika. Kwa sababu hakuna shehena ya kununua wala fremu ya kukodi, umesifiwa kuwa ni biashara ya wenye mtaji mdogo. Sifa hiyo ina haki yake, lakini historia yaonyesha kwamba mtaji usiokuwamo mfukoni mwa muuzaji huwa umewekwa na wengine, katika maghala, katika reli na, zaidi ya yote, katika posta.

Mizizi yake imo katika uuzaji kwa barua uliostawi Marekani baada ya reli kuenea. Mwaka 1872, huko Chicago, Aaron Montgomery Ward, aliyekuwa amezunguka vijijini akiuza bidhaa na kusikia wakulima wakilalamikia bei za maduka ya huko, alichapisha karatasi moja yenye orodha ya bidhaa 163, na mwaka 1875 akaahidi kumrudishia fedha mteja yeyote asiyeridhika. Ahadi hiyo ilikuwa nguzo ya biashara yenyewe, kwani mkulima aliyetakiwa kulipia kitu ambacho hajakiona, kwa mtu asiyemjua, alihitaji dhamana ya namna fulani.

Aliyeikaribia zaidi biashara ya leo alikuwa Richard Sears. Mwaka 1886, alipokuwa wakala wa stesheni ya reli huko North Redwood, Minnesota, sonara mmoja wa hapo alikataa shehena ya saa iliyotumwa na muuza jumla wa Chicago. Sears aliichukua, akaziuza saa hizo kwa mawakala wenzake wa stesheni nyingine. Wepesi wa jambo hilo ulitokana na mambo ambayo yeye hakuyagharimia: mzigo ulikwisha kufika kwa gharama ya mwingine, reli ilikuwapo, na mawakala waliowekewa dhamana na kampuni za reli walikuwa watu wa kuaminika kwa fedha. Baadaye, akiwa na fundi saa Alvah Roebuck, ambaye jina lake liliunganishwa na la Sears katika kampuni yao, aliwahi kutangaza bidhaa kabla ya kuwa na hakika ya kuzipata, na maagizo yakamiminika kuliko uwezo wa kuyatimiza. Julius Rosenwald, mtengenezaji wa nguo aliyekuwa akiiuzia kampuni hiyo suti, aliingia kuwa mbia mwaka 1895, akaipa utaratibu iliyoukosa, na mwaka 1906 kampuni iliyoanza bila ghala ilifungua jengo kubwa mno la ghala magharibi mwa Chicago. Mkondo huo wa kuanza na mali ya wengine na kuishia kujenga ghala lako ulikuja kujirudia.

Katikati ya hayo serikali ilikuwa imefanya kazi ambayo wauzaji hawakuweza kuifanya. Mwaka 1896 posta ya Marekani ilianza kupeleka barua hadi mashambani bila malipo ya ziada, na tarehe 1 Januari 1913 ikaanza huduma ya vifurushi. Kabla ya hapo mzigo uliozidi paundi nne, yaani chini kidogo ya kilo mbili, ulilazimika kupelekwa na kampuni binafsi za usafirishaji.

Intaneti iliharakisha utaratibu huo wa kuuza mali isiyo mkononi bila kuuvumbua. Amazon ilipofunguliwa Seattle mwaka 1995, iliagiza vitabu kwa wasambazaji baada ya wateja kuvinunua, lakini mwaka 1997 ilikuwa tayari ikipanua maghala yake. Zappos, iliyoanza mwaka 1999 kwa kuuza viatu vilivyotumwa moja kwa moja na wenye navyo, iliachana na njia hiyo baada ya miaka michache, kwa kuwa haikuweza kujua kwa hakika ni viatu vipi vilivyobaki katika maghala ya wengine, na lawama ya mzigo usiofika ilikuwa yake.

Sura ya sasa ilitoka China, hasa baada ya AliExpress kuanzishwa mwaka 2010. Kifurushi kidogo cha kutoka China kilifika Marekani kwa bei ndogo kutokana na kanuni za Umoja wa Posta Duniani kuhusu ada ambazo posta inayotuma huilipa posta inayopokea, kanuni zilizozipunguzia gharama nchi zinazoendelea, China ikiwamo. Mkutano wa umoja huo uliofanyika Geneva Septemba 2019 uliruhusu nchi kujipangia ada hizo. Msamaha wa ushuru wa Marekani, uliofikia mizigo ya dola 800 tangu mwaka 2016, uliondolewa kwa bidhaa za China mwezi Mei 2025, na kwa nchi zote mwezi Agosti mwaka huohuo. Maelfu ya maduka yaliyodhani yanasimama kwa ustadi wa kutangaza yalikuwa yamesimama juu ya ada hizo na msamaha huo.

Afrika Mashariki, ambako barua nyingi huishia katika sanduku la posta na si mlangoni, utaratibu huu umefuata njia yake. Mchuuzi wa Dar es Salaam hupiga picha za nguo za muuza jumla wa Kariakoo, huzitangaza Instagram au WhatsApp, na bodaboda hufanya kazi ya posta, ilhali fedha hupita kwa simu, kwa huduma za mfano wa M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Hata hivyo, wateja wengi, kwa kuogopa kutapeliwa, hutaka kulipa mzigo ukishafika, na sharti hilo hupindua mpangilio wote wa fedha: muuzaji hulazimika kumlipa muuza jumla kwanza na kubeba nauli ya mzigo unaokataliwa. Anayeweza kuendelea bila akiba ni yule ambaye muuza jumla humpa mzigo kwa mali kauli, yaani kwa neno lake tu kwamba atalipa akishauza, na neno la namna hiyo hukubaliwa kwa mtu anayejulikana sokoni.