Kosa la Kusimama Mahali Pasipo Pako

Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilipofunguliwa tena Oktoba 2015 kuwapokea Warundi, ilirudi na masharti ambayo wazee wa huku waliyajua: mkimbizi hatoki bila kibali. Kipimo kilichozoeleka ni kilomita 4. Aliyevuka hapo anaweza kushtakiwa hata kama hakuiba wala kugombana na mtu. Kosa lake ni pale alipokutwa amesimama.

Kosa hili lina umri mkubwa kuliko kambi. Mwaka 1921 serikali ya Uingereza ilitunga sheria iliyompa gavana uwezo wa kumng'oa mtu aliyeonekana kuhatarisha amani na kumhamishia pembe nyingine ya Tanganyika, bila kumfikisha mahakamani. Uha, nchi hii ya Waha, ilionja kuhamishwa kwa namna yake. Kuanzia 1933, kwa sababu ya malale, familia ziliondolewa kwenye vijiji vyao na kukusanywa kwenye makazi maalumu, na mashamba ya zamani yakaachiwa mbung'o na pori. Lakini Muha aliyekubali kuwa manamba, kibarua wa mkataba, alifunguliwa njia hadi mashamba ya mkonge ya Tanga! Mguu wa Mwafrika ulifungwa au kufunguliwa kulingana na haja ya bwana. Mahakama nazo ziligawanywa kwa rangi, mwenyeji huku, Mzungu kule.

Mgawanyo huo ulifutwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, na hilo lastahili sifa. Sheria ya 1921 haikufutwa. Gavana aliondoka, rais akarithi kalamu. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na wasio na ajira wakasombwa mijini kurudishwa vijijini.

Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, ila mahakama zilisubirishwa hadi Machi 1988 ndipo ziruhusiwe kuzisimamia. Mwaka huohuo, katika shauri la Chumchua Marwa, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliitamka sheria ile ya 1921 kuwa kinyume cha Katiba. Tume ya Jaji Francis Nyalali nayo ikaiweka, pamoja na ile ya Nguvu Kazi, kati ya sheria 40 mbovu. Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Issa Shivji na Chris Maina Peter, walilisukuma jambo hili kwa kalamu miaka mingi, nami naona ushindi ule ni wao pia.

Ushindi haukufika Kibondo. Mwishoni mwa 1997 jeshi liliwasomba Warundi waliokuwa wakiishi vijijini, wengine kwa miaka mingi, na kuwaingiza kambini. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Wakimbizi, na kutoka kambini bila kibali kukawa kosa. Bonaventure Rutinwa na Khoti Kamanga, wanasheria wa chuo hichohicho, waliandika juu ya mlango uliokuwa ukifungwa, katika nchi ambayo Nyerere aliipatia heshima ya tuzo ya Nansen, ya huduma kwa wakimbizi, mwaka 1983.

Rangi haimsaidii askari barabarani Kibondo kumtambua mkimbizi. Muha na Mrundi wanasalimiana kila mmoja kwa lugha yake na wanaelewana. Kinachobaki ni karatasi. Ibara ya 17 ya Katiba, inayotoa uhuru wa kwenda popote, haisemi kila mtu. Inasema kila raia.