Kilwa kabla ya mwaka 1505, na msalaba uliopandwa juu ya magofu



Wapendwa waamini, tunaopita kila siku kati ya Jangwani na soko la Kariakoo twaweza kudhani kwamba biashara kubwa ya pwani hii ililetwa na wageni. Juma hili tuitazame Kilwa Kisiwani, iliyokuwa dola kamili kabla Mreno hajaikanyaga.

Nguvu yake ya kwanza ilikuwa bahari. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwake, na masultani wake walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Walijenga kwa mawe ya matumbawe Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa.

Nguvu ya pili ilikuwa ukarimu. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, asimulia kwamba Sultani al-Hassan bin Suleiman aliombwa na maskini mmoja nguo alizovaa, naye akampa. Sisi tunaomheshimu Mtakatifu Martino wa Tours, aliyemkatia maskini joho lake, tutaitambua tunu hiyo. Hata hivyo tusiipambe Kilwa kupita kiasi: msafiri huyo huyo ataja watumwa na mashambulizi dhidi ya watu wa bara.

Kivita, Kilwa ilikuwa na mishale, mikuki, ngao na mitambo ya kurushia mawe, lakini haikuwa na baruti. Tena nyumba yake ilikuwa imegawanyika, kwani Amir Ibrahim aliyetawala hakuwa wa ukoo wa kifalme. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha kulipa kodi. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, na Amir akakimbia.

Hapa ndipo penye uchungu wetu. Mapadre Wafransisko walishuka pwani na misalaba, wakiimba Te Deum. Sala ilipokwisha, askari waliupora mji. Wareno walijenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Neno letu "gereza" latokana na neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Ndugu zangu, ni fundisho gani zito kuliko hilo? Watu walioletewa kanisa pamoja na mizinga walibaki na jina lake kwa mahali pa kufungia watu.

Tarehe 12 Machi 2000, Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wa Kanisa, yakiwamo yale dhidi ya haki za mataifa na heshima ya tamaduni na dini zao. Ombi hilo latuhusu sisi tunaouza na kununua bega kwa bega na jirani Mwislamu. Petro aliamriwa kurudisha upanga alani. Nasi turudishe ulimi wa dharau.

Tujiulize: jirani aonapo msalaba shingoni mwetu, aona kanisa au gereza?

Bwana awabariki.