Mwalimu Aliye Mbali: Habari za Elimu ya Ushirika Katika Njia ya Misafara



Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, wenzangu wameandika habari za mazao, za maghala na za fedha. Mimi nimepewa nafasi ya kueleza habari za elimu, na katika elimu nimechagua jambo moja linalosemwa sana siku hizi katika ofisi zetu, yaani mafunzo yanayotolewa na mwalimu aliye mbali, ambaye uso wake huonekana na sauti yake husikika papo hapo katika kioo cha simu au cha kompyuta. Wako wanaodhani ya kuwa jambo hili limezaliwa jana. Kwa kweli lina baba na babu, na babu yake mmoja alipita hapa hapa Tabora akiwa na mzigo begani.

Zamani zile Tabora, ambayo wageni wengine waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda. Misafara iliyotoka pwani ilipofika Unyanyembe iligawanyika. Mingine ilishika njia ya Ujiji, na mingine ikaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika Kazeh mwezi wa Novemba. Habari nazo zilikwenda kwa mwendo huo huo wa miguu. Mwezi wa Machi 1872 Stanley alimwacha Dk. Livingstone pale Kwihara, akashuka pwani ili ampelekee wapagazi. Wapagazi hao walifika Agosti. Basi mtu mwenye haja alingoja miezi mitano apate jibu lake.

Lakini wapagazi wale, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walirudi na kitu kisichoandikwa katika hesabu za wafanya biashara, nacho ni lugha ya Kiswahili. Walijifunza njiani, kambini na sokoni, pasipo mwalimu wala kitabu. Serikali na shule ziliikuza lugha hiyo baadaye, lakini njia ilikwisha kulimwa. Lau isingalikuwa hivyo, mwalimu aketiye Dar es Salaam asingaliweza kusema mara moja akafahamiwa na mtu wa Bagamoyo na mtu wa Ujiji kwa pamoja. Nalitaja jambo hili kwa sababu wataalamu wa mitambo hulisahau.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na barua zikaanza kwenda kwa siku badala ya miezi. Kwa upande wa ushirika, Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963, na mwaka 1964 kikaanzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika katika mji huo huo. Chuo kiliwafundisha hasa watumishi. Kituo kilipewa kazi ya kuwafikia wanakamati na wanachama huko huko vijijini. Kwa kuwa haikuwezekana kuwasafirisha wote hao mpaka Moshi, Kituo kilitumia masomo ya posta, vikundi vya kujisomea na vipindi vya redio. Masomo ya posta yalikuwa na sifa moja kubwa: mwanafunzi aliandika majibu yake, akayapeleka, na mwalimu akayasahihisha na kuyarudisha. Yalikwenda polepole, lakini yalikwenda na kurudi.

Kazi kubwa kuliko zote ya kufundisha kwa redio katika nchi yetu ilifanyika mwaka 1973, nayo ni kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kabla yake zilitangulia Uchaguzi ni Wako ya mwaka 1970 na Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, ambazo zilikuwa ndogo. Mtu ni Afya ilidumu kwa majuma 12 na ikawafikia watu wapatao milioni 2. Vijana wa leo wakisikia hesabu hiyo hudhani ya kuwa kila nyumba ilikuwa na redio. Sivyo. Watu walikusanyika katika kikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakakata shauri la kutenda, kama vile kuchimba vyoo au kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi yake mapema, na viongozi hao jumla yao walikuwa kama 75,000. Mimi naona siri yote ilikuwa hapo. Redio ilileta somo, lakini aliyelishika mkono mpaka likaingia ni mtu wa kijijini aliyeketi nao.

Hata hivyo redio ilikuwa na kinywa bila masikio. Nchini Kanada, wakulima waliokuwa wakisikiliza masomo yao ya redio katika vikundi tangu mwaka 1941 walipeleka majibu kwa barua, na muhtasari wake ukasomwa hewani juma lililofuata. Huko Alice Springs, Australia, mwaka 1951 ilianzishwa shule ya redio ya pande mbili, ambamo mtoto wa mfugaji aliye mbali sana na mji aliweza kumjibu mwalimu wake saa ile ile. Hilo ndilo darasa la mbali kwa maana yake kamili: mwalimu husema, mwanafunzi hujibu, na mwalimu hubadili somo lake kwa ajili ya jibu lile.

Sisi tulichelewa kulipata. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zake kukabidhiwa mashirika ya mazao, na mwenye chama chake alipoacha kuwa mwenye chama, hakukuwa tena na haja kubwa ya kumfundisha kusoma hesabu zake. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Tangu hapo elimu yetu ilikuwa zaidi ya semina: watu wachache hupanda basi, hulala mjini siku mbili tatu, hurudi na daftari. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Afrika kwa njia ya mitambo (African Virtual University), kilichoanzishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, kilianza kuleta mihadhara kwa setilaiti kutoka ng'ambo hadi vyuo vikuu vya Afrika, na wanafunzi waliuliza maswali kwa simu. Waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kisha mwaka 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, watu wengi wa ofisi walijifunza kukutana kwa Zoom kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine.

Sasa mafunzo ya namna hiyo yametufikia sisi makatibu na makarani. Nayasifu. Yameokoa nauli, na katibu aliyekwama katika daftari la mikopo huweza kuuliza na kujibiwa kabla hajafunga daftari. Lakini ni lazima niseme wazi jambo ninaloliona. Somo hutolewa saa nne asubuhi, wakati mwanachama yuko shambani au yuko katika bani akichochea moto. Huja katika simu ya mtumishi, kwa bando la mtumishi, na huishia kwa mtumishi. Katika vijiji vilivyo ndani ya miombo mtandao hukatika katikati ya sentensi, na aliyekosa sentensi ile hana wa kumwuliza. Mwaka 1973 mkulima alikuwa ndani ya darasa. Leo darasa ni bora zaidi, naye yuko nje.

Na mambo anayotakiwa kuyajua si madogo. Mkulima wa tumbaku ameona bei na mkopo wake wa pembejeo vikitajwa kwa dola, huku malipo akiyapata kwa shilingi. Mkopo uliochukuliwa kwa jina la chama huweza kubebwa na wote, hata na yule ambaye marobota yake yamepata daraja la juu. Mtu asiyefahamu hesabu hiyo hutia sahihi kwa kumwamini karani tu, na imani hiyo ikivunjika, chama huvunjika pamoja nayo.

Kwa hiyo nimeomba katika kamati yetu ya chama cha msingi kwamba kioo kimoja kikubwa chenye umeme wa jua kiwekwe ghalani badala ya ofisini. Somo lifanyike alasiri. Wanachama wakae vikundi vya watu kama 20, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa karatasi za somo siku chache kabla. Na nusu ya saa iwe ya maswali, mwalimu akiwa bado yuko hewani. Mtandao ukikatika, kiongozi ataendelea kwa karatasi, na maswali yaliyobaki yapelekwe kwa maandishi. Gharama yake inajadiliwa. Swali ambalo ningependa liulizwe siku ya kwanza, tena na mwanachama mwenyewe kwa sauti yake, ni hili la dola na shilingi: ni siku gani hasa ya kubadili fedha iliyotumika katika malipo yake, na nani aliyeichagua.