Ndizi, Kimea na Sukari: Msamiati wa Matunda katika Mlima Meru

Wafasiri wa hadithi za Ulaya, wanapofikia majira ambayo matunda huvunwa na kutiwa mitungini kabla ya baridi kali, aghalabu huyaita "vuli". Lakini vuli ya Afrika Mashariki ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na haihusiani na akiba ya baridi. Kosa hilo ni dogo, ila linafichua jambo kubwa kuhusu historia ya matunda katika miteremko ya Mlima Meru. Mgomba hauna msimu. Mkungu ukikatwa, chipukizi jingine liko njiani. Mkulima wa Meru hakuwa na sababu kubwa ya kulifungia tunda chomboni hadi mwaka ujao. Ndizi zilipozidi, alizigeuza kinywaji.

Mbege, inayojulikana zaidi kwa Wachaga lakini inayopikwa pia upande wa Meru, ni mfano ulio wazi. Ndizi zilizoiva humenywa, huchemshwa kwa muda mrefu hadi zigeuke rangi, kisha huachwa siku kadhaa na kuchujwa. Kando yake ulezi huroweshwa, hufunikwa mpaka uote, hukaushwa na kusagwa: hicho ndicho kimea. Uji wa kimea ukishapoa huchanganywa na maji ya ndizi, na gome la msesewe hutiwa ili kupata uchungu. Baada ya siku chache mbege huchachuka mno. Kwa hiyo haina maana ya kuwekwa. Mwenye nayo hulazimika kuwaita wenzake, na ndiyo sababu haikosekani katika posa, katika mazishi na katika kusuluhisha ugomvi wa mipaka.

Lugha inathibitisha tofauti hiyo. Upande wa vinywaji, maneno mengi ni ya Kibantu, nayo yamefungamana na kazi yenyewe. Kimea kimetokana na kitenzi mea. Pombe hupikwa, lakini tembo la mnazi hugemwa, na hakuna mzungumzaji wa pwani atakayevichanganya vitenzi hivyo. Upande wa hifadhi, maneno yamekuja kwa bahari na kwa utawala. Achari, ile ya maembe mabichi yenye chumvi, pilipili na siki, imeletwa na maingiliano na Uajemi na India. Sharubati ni ya Kiarabu. Jamu ni ya Kiingereza. Mvinyo umeachwa na Wareno, ingawa hao hawakudumu pwani hata karne tatu.

Jamu ilihitaji kitu ambacho mlima haukuwa nacho, yaani sukari nyingi. Hiyo ilianza kupatikana karibu pale mashamba makubwa ya miwa ya TPC yalipofunguliwa Arusha Chini, kusini mwa Moshi, katika miaka ya 1930. (Ni Arusha Chini hiyohiyo ambako wazee wa Waarusha walitoka mnamo miaka ya 1830, wakahamia Meru na kujifunza kilimo cha migomba kutoka kwa Wameru, lugha yao ya Kimaasai wakabaki nayo.) Hata hivyo jamu ilibaki chakula cha mkate, na mkate ulikuwa wa mjini.

Tatizo zito zaidi limo katika neno "kienyeji". Utawala wa kikoloni, na sheria zilizofuata baada ya uhuru, ziliviweka vinywaji vya mlimani katika fungu moja la pombe za kienyeji, kana kwamba mbege, dengelua na komoni ni kitu kimoja kisicho na jina lake. Kisha, mwaka 1993, kampuni ya Banana Investments ilianzishwa mjini Arusha, ikaanza kutia kinywaji cha ndizi katika chupa. Tunda ni lilelile la shambani. Lililo chupani huitwa bia au mvinyo na huuzwa dukani kwa heshima. Lililo kibuyuni limebaki "kienyeji", na mpishi wake, ambaye aghalabu ni mwanamke, hahesabiwi kuwa fundi.

Wanaleksikografia nao hawajasalimika na mazoea hayo. Fasili inayoishia kwenye "pombe ya ndizi" inaacha nje ulezi, na pasipo ulezi mpishi yeyote wa mlimani atakataa kukiita kinywaji hicho mbege.