Kutoka nje tena baada ya ajali ya barabarani

Ajali ya pikipiki au gari hutokea kwa dakika moja, lakini kupona huchukua miezi. Mfupa wa mkono wa mtu mzima huhitaji takriban wiki 6 hadi 8 kuunga. Mfupa mkubwa wa muundi huhitaji miezi 3 hadi 6, wakati mwingine zaidi.

Katika miezi hiyo, wagonjwa wengi tunaowatembelea majumbani hapa Kilindoni hupata shida ya pili ambayo haionekani kwenye picha ya eksirei: hubaki ndani. Wiki ya kwanza nyumba hujaa wageni. Kufikia wiki ya 6 amebaki mama au mke tu, na dereva wa bodaboda aliyejuana na mji mzima hana wa kuzungumza naye.

Kutoka nje na wenzako ni sehemu ya matibabu. Soma hapa namna ya kufanya hivyo bila kujiumiza upya.

Kwa nini kutoka nje kunasaidia

Ukilala muda mrefu misuli hunywea, viungo hukakamaa, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu. Kujisogeza huzuia mambo haya. Jua la asubuhi na mazungumzo husaidia usingizi na moyo. Baada ya ajali ni kawaida kushtuka ukisikia mlio wa pikipiki, kuota ajali usiku, au kuona aibu ya kutembelea magongo. Hofu hiyo hupungua ukirudi barabarani kidogo kidogo ukiwa na mtu unayemwamini. Ukijificha, hukua.

Kabla ya kuanza, muulize daktari maswali matatu

- Je, naruhusiwa kuukanyagia mguu? Kwa uzito wote, nusu, au bado kabisa?
- Ni mazoezi gani nifanye nyumbani, na mara ngapi kwa siku?
- Narudi lini kupiga picha nyingine?

Magongo yapimwe. Kati ya kwapa na gongo ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na uzito uende kwenye viganja. Ukilalia gongo kwa kwapa, unaweza kuumiza neva za mkono.

Safari ndogo, hatua kwa hatua

*Hatua ya 1: barazani.* Kaa nje asubuhi na jioni. Mwalike jirani mcheze bao au karata. Mguu wenye hogo uinuliwe juu ya kiti ili usivimbe.

*Hatua ya 2: kijiweni au sokoni.* Chagua saa ambayo hakuna msongamano. Nenda na mwenzako, naye atembee upande wa barabara yenye magari. Kama wewe ni dereva wa bodaboda, nenda kijiweni ukae na wenzako hata kama bado huwezi kuendesha. Usipakiwe kwenye pikipiki kabla daktari hajakuruhusu, na siku hiyo ikifika, vaa kofia ngumu.

*Hatua ya 3: ufukweni.* Nenda maji yakiwa yamekupwa. Mchanga mkavu humeza gongo, lakini mchanga mgumu uliolowa ni rahisi kutembelea. Hogo lisiguse maji. Mwenye kidonda au vyuma vilivyotokeza nje ya ngozi asiingie baharini.

*Hatua ya 4: majini.* Vidonda vikishafunga na daktari akiruhusu, tembea kwenye maji tulivu yanayofika kiunoni. Maji hubeba karibu nusu ya uzito wako, hivyo mguu hufanya kazi bila kuelemewa. Vaa viatu kwa sababu ya miamba na urumbu, na usiende peke yako.

*Hatua ya 5: matembezi makubwa.* Jiwekee jambo la kutazamia. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, papa potwe huonekana karibu na Kilindoni, na wenzako wanaweza kukuchukua kwenda kuwaona. Subiri hadi uweze kupanda na kushuka chomboni bila kubebwa, na vaa jaketi okozi.

Hatua moja inaweza kuchukua wiki moja au miezi miwili. Maumivu yakizidi na kudumu hadi kesho yake, rudi hatua moja nyuma.

Usifanye haya

- Usikandwe wala kuchuliwa mahali palipovunjika au mguu uliovimba.
- Usivute sigara. Huchelewesha mfupa kuunga.
- Usikate hogo mwenyewe.

Nenda hospitali mara moja ukiona

- Uvimbe na maumivu kwenye shavu la mguu, kifua kubana au kukosa pumzi
- Vidole kuwa baridi, kubadilika rangi au kufa ganzi
- Homa, usaha au harufu mbaya kwenye kidonda
- Kichwa kuuma sana, kutapika, kuchanganyikiwa au degedege

Ndoto mbaya, hofu au huzuni zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, mweleze mhudumu wa afya. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri: sema leo.

Kama wewe ni ndugu au rafiki

Si kila aliyeumia atarudi kama alivyokuwa, lakini kila mmoja anahitaji watu. Usiulize tu "unaendeleaje?" Sema, "Kesho saa kumi nakuja, tutatoka." Kisha nenda kweli, hasa baada ya wiki ya 6, wageni wengine wakiwa wameshaacha kuja.